Kumtafutia Nassor Mke

Siku ile sebuleni kwa Bi Zuwena, hapa Ibra, tulikuwapo watu saba. Alikuwapo Bi Zuwena mwenyewe, mjane, mzaliwa wa Wete. Alikuwapo mwanawe Nassor, ambaye majirani wote waliambiwa yuko Dubai kikazi. Alikuwapo Mzee Khalfan, mdogo wa marehemu baba yake Nassor, na tiketi ya ndege mfukoni mwa kanzu. Alikuwapo Daktari Salim, mtu wa Nizwa, aliyesoma sana na asiyejua neno la Kiswahili. Alikuwapo Sista Leela, muuguzi kutoka Kerala, aliyejua Kiswahili kingi kuliko alivyokiri. Alikuwapo Bi Tatu wa nyumba ya pili, aliyekuja kuazima mdalasini akasahau kuondoka. Na mimi, Zayana, mhudumu wa kliniki. Nawataja wote kwa sababu siku ile nilitoa ahadi, na mashahidi sita ni wengi mno kwa mtu anayetaka kuikana.

Sasa nimestaafu. Wamenipa cheti chenye fremu na saa ya ukutani, kwa kuwa mtu akishakuwa hana tena pa kuwahi ndipo anapohitaji kujua ni saa ngapi. Nyinyi vijana mliobaki kliniki mmeniomba niandike mambo ya kazi yetu, nami nimekubali kwa sharti kwamba msitafute humu vyeo wala mishahara. Vyeo nilivyopewa vilikuwa na majina marefu na ufagio uleule.

Mimi ni mkubwa wa watoto watano. Baba alifia Unguja, mama akafia hapa Ibra kabla hatujalizoea joto lake, nami nikaacha shule ili wanne waliobaki wasome. Wamesoma. Sasa kila tukikutana wananieleza dunia ilivyo.

Kliniki niliingia mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ilikuwa vyumba viwili na ukumbi mdogo. Wagonjwa wenyewe walipelekwa Maskati kutolewa sumu mwilini. Kazi yetu sisi ilikuwa kabla na baada, kumshawishi mtu aende, na akirudi asiangukie palepale. Juu ya mlango paliwekwa kibao chenye herufi kubwa kueleza kwamba humu ndani wanatibiwa watu waliotawaliwa na madawa ya kulevya. Kiliwekwa ili mgonjwa asipotee. Hakupotea mtu, kwa sababu hakuja mtu.

Hata hivyo siku yangu ya kwanza alikuja bibi mmoja, na karani akamtazama kama anayeona mvua ya kiangazi. Alivaa buibui la kizamani, amemshika mjukuu wake mkono kama anayempeleka chuoni, na akisema Kiswahili kitupu. Karani akampa fomu ya Kiarabu. Bibi akaitazama kwa heshima, akaigeuza, akairudisha. Ndipo nikaitwa kutoka msalani, na ndoo yangu mkononi, nije nifasiri.

"Muulize kama katika ukoo wao kuna wazimu," karani akaniambia. Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza.

Nikamwamkia bibi kwanza. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Anasemaje huyu?"

"Anauliza kama kwenu kuna wazimu."

Bibi akamtazama karani tangu kofia mpaka ndara. "Mwambie kwetu hakuna. Kwao je?"

Swali la pili lilikuwa kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kufungwa. Hatukulifikia.

Aliyenifunza kazi ni Sista Leela. Alikuwa ameishi Ibra miaka mingi, amezungukwa na wanawake wa Kizanzibari, akijifanya haelewi, na kwa njia hiyo akajua siri za nusu ya mji. Bibi yule alipotoka, Sista aliniambia kwa Kiarabu chake cha jikoni, "Usiulize wazimu. Uliza jikoni kumepungua nini." Nikadhani ananitania. Lakini mama wa kwetu hatakwambia kwamba mwanawe anatumia unga. Atakwambia vijiko vinapotea, ndimu hazikai, na sukari inakwisha ilhali wageni hawakuja. Vijiko na ndimu ndivyo vifaa vya mla unga, na ukishayasikia hayo huna haja ya fomu. Fomu tuliendelea kuijaza, maana Maskati walikuwa wakiipenda.

Jambo la pili alilonifunza ni pa kuegesha gari. Tulikuwa na gari la serikali lenye nembo mlangoni, na maagizo yalisema tulisimamishe mbele ya nyumba ya mgonjwa ili kuonesha kwamba serikali inajali. Serikali ilijali mara moja tu. Mtaa mzima ulitoka kutazama, na ile nyumba haikutufungulia tena. Toka siku hiyo tuliliacha gari kwa fundi wa matairi, tukaenda kwa miguu na kikapu, kama watu waliotoka soko la wanawake. Daktari Salim alikibeba kikapu yeye mwenyewe, na kwa mtu wa Nizwa mwenye shahada hilo si jambo dogo.

Nyinyi mmeikuta kazi watu wamekwishakubali kwamba ugonjwa upo. Zama zetu ulikuwapo, lakini kwa wenzetu. Sisi wa Unguja na Pemba tulikuwa na yakini kwamba unga umeletwa na wale waliotoka bara, Burundi na Kongo na Tabora. Wao wa bara walijua wazi kwamba ni tabia ya watu wa pwani. Na Waarabu ambao hawakuwahi kusafiri walikubaliana na pande zote mbili. Ukizunguka mji wote ukiuliza, ungekuta Ibra haina mgonjwa hata mmoja, ina majirani wabaya tu.

Na kabla yetu alikuwapo mwalimu wa chuo cha Kurani. Kila kijana aliyetufikia alikuwa keshasomewa, kafukizwa, kanyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya. Tuliagizwa tuwaeleze watu kwamba huo ni ujinga. Daktari Salim hakumweleza mtu. Alikwenda kwa mwalimu mwenyewe, akakaa mkekani, wakakubaliana kwamba mwalimu asome mpaka amalize, halafu aseme dua imepokelewa, na sasa kijana aende kwa daktari. Mwaka ule mwalimu alituletea wagonjwa wengi kuliko kibao.

Dawa moja tu ndiyo iliyotushinda, nayo ni safari. Familia zetu zilikuwa na imani moja isiyotikisika: kijana akiharibika Omani, apelekwe Unguja akabadilishe hewa. Kwa shangazi, kwa bibi, kwenye maziwa na samaki wabichi. Kwamba miaka hiyo unga Unguja ulikuwa ukiuzwa nyuma ya nyumba ya shangazi huyohuyo, hilo halikumo katika hesabu, kwa sababu Unguja waliyoikumbuka wao ilikuwa ile waliyoiacha, na ile haikuwa na kitu kibaya hata kimoja. Vijana wawili niliowajua walipelekwa. Mmoja alirudi hali yake imezidi. Wa pili hakurudi. Kaburi lake liko huko, na hewa yake, nasikia, ni nzuri.

Habari za Nassor zilitufikia kwa Bi Tatu, aliyekuja kupima presha na kwa bahati tu akataja kwamba yule kijana aliyeko Dubai anakohoa sana upande wa pili wa ukuta wake. Nassor alikuwa fundi wa viyoyozi, mtoto wa pekee, wa miaka ishirini na kitu. Bi Tatu akaongeza kwamba ami yake ameshakata tiketi ya Unguja, ndege ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Daktari Salim alivua koti lake jeupe, akavaa kilemba, akasema twende sasa hivi.

Inafaa mjue jambo moja kuhusu nyumba ile. Miezi ile majirani walikuwa wameacha kula na kunywa kwa Bi Zuwena. Walikuja, walikaa, waliuliza hali, lakini kikija kitu walisema wamefunga. Jumatatu na Alhamisi mtu angeelewa. Wao walifunga Jumapili. Hadithi ya Dubai hawakuiamini; waliogopa kwamba ugonjwa wa kijana uko kwenye vyombo, na Bi Zuwena alijua wanachoogopa, akawa anaosha finjani zake mpaka rangi ikatoka.

Alitukaribisha vizuri. Tukaulizana hali zetu, za wazee, za wadogo zangu mmoja mmoja kwa majina. Likaja dele la kahawa, ikaja na halua. Finjani ya kwanza alipewa Daktari. Akaipokea kwa mkono wa kulia, akaiweka chini mbele yake, akatia mikono magotini.

"Mama," akasema kwa Kiarabu, "mimi nina haja kwako."

Kiarabu cha Bi Zuwena kilikuwa cha kusalia na cha kununulia nyanya. Hicho cha Nizwa kilimpita. Alichoona yeye ni finjani tu.

"Zayana," akaniambia, "mwambie daktari wako nimeziosha kwa maji ya moto."

Mimi mwenyewe nilikuwa nikimtazama Daktari kwa jicho la kumla. Nikamwambia anywe. Akatikisa kichwa kwa adabu kubwa, mgongo wima, kama mtu anayepigwa picha. Sista Leela akainywa yake haraka mpaka machozi yakamtoka, kusudi aonekane. Haikusaidia.

"Hata yeye," Bi Zuwena akasema, na akaanza kuzikusanya finjani kwenye sinia. "Haya. Khalfan, mpeleke mtoto. Kama hata hospitali inamwona najisi, bora aende kwa watu wake."

Mzee Khalfan alikuwa amekaa mabaraza ya Waarabu miaka mingi, akiuza na kununua nao, na alikuwa akijua vizuri kabisa kinachotendeka. Wakati huo alikuwa akiichunguza feni.

Aliyesema ni Nassor, kutoka pembeni, na shuka mabegani ingawa joto lilikuwa la kuivisha tende. "Mama, keti."

"Niketi nini?"

"Hakukataa kahawa yako. Anakuomba. Kwao mtu mwenye haja kubwa anaweka finjani chini, hanywi mpaka akubaliwe. Nimeona kwa kina Hamed, rafiki yangu wa shule. Walipokuja kumposa dada yake, wazee walikaa hivihivi, kahawa ikapoa mpaka baba yake akasema ndiyo." Akapumua. "Anakuheshimu, mama. Ami anajua. Muulize."

Sote tukamgeukia Mzee Khalfan. Naye akaiacha feni.

"Yapo mambo kama hayo," akasema.

"Na umenyamaza?"

"Sikuulizwa, shemeji."

Desturi hiyo mimi nilikuwa nimeisikia, lakini ni ya sebule za wanaume, sikuwahi kuiona kwa macho. Na Daktari Salim hakuwahi kufikiri kwamba kuna nyumba Ibra isiyoijua. Alimpa Bi Zuwena heshima kubwa kuliko zote alizofunzwa na baba yake, na ilikuwa nusura heshima hiyo imzike mtoto.

Bi Zuwena akaketi. Akairudisha finjani ya Daktari pale ilipokuwa. "Ana haja gani?"

"Nisipande ndege," Nassor akasema. "Niende hospitalini kwao, Maskati."

"Weye unataka?"

Nassor akajifunika shuka vizuri. "Nikifika Unguja, mama, hutoniona tena. Mimi mwenyewe najua nitakwenda wapi kabla sijampa shangazi salamu zako."

Hakuna kipeperushi tulichowahi kuletewa kilichosema vizuri kuliko hivyo.

Bi Zuwena alitazama finjani ile muda mrefu. Halafu akajimiminia yake, akaiweka chini, mkabala na ya Daktari. Lakini macho yake yalikuwa kwangu mimi.

"Basi na mie n'na haja," akasema. "Mkishamwandika hospitalini kwenu jina lake ndio limekwisha, mji mzima utajua Dubai ilikuwa wapi. Nani atampa mtoto wake? Zayana, weye umelea wanne, hukumtupa hata mmoja. Nassor akipona, umtafutie mke. Ukikubali nitakunywa. Usipokubali, kahawa hii tutamwagia maua."

Daktari akaniuliza anasemaje. Nikamwambia anataka niwe mshenga. Akafikiri, akauliza kama jambo hilo limo katika kazi zangu. Nikamwambia sijaona mahali lilipokatazwa.

"Nimekubali," nikamwambia Bi Zuwena.

Wakanywa wote wawili, na kwa uso alioufanya Daktari nilijua kahawa ilikuwa imepoa kama maji ya mtungi.

"Mie shahidi," Bi Tatu akasema. "Na finjani sijapewa."

Bi Zuwena alimtazama, kwa maana Bi Tatu alikuwa mmoja wa wale wafungaji wa Jumapili. Akammiminia. Bi Tatu akanywa.

"Tiketi nimeshaikata," Mzee Khalfan akasema, akiwa bado na matumaini.

"Kakate nyingine, uende weye. Si umesema hewa ya huko nzuri?" Bi Zuwena akamwambia.

Na kweli alikwenda. Alirudi na karafuu na kikohozi.

Nassor tulimpeleka Maskati kesho yake. Bidbid, pale barabara ya kwetu inapoungana na ya Nizwa, alishuka akatapika, akakaa kwenye jiwe akitazama malori, akasema tumrudishe nyumbani. Daktari hakumhubiria. Alinunua chai ya maziwa, akakaa naye kwenye jiwe lile mpaka akapanda mwenyewe. Hilo ndilo ninalotaka mlijue kuhusu tiba: sehemu kubwa ni kukaa juani na mtu asiyekutaka.

Mkidhani alipona hapo, mmesoma vipeperushi sana. Alirudi Ibra mzima kama mpya, na kabla ya Ramadhani akaangukia palepale. Vijiko vikaanza kupotea. Safari hii Bi Zuwena hakumpeleka Dubai. Alikuja mwenyewe kliniki, akapita chini ya kibao mchana kweupe, akaniambia, "Ndimu zimekwisha." Tukaanza upya. Mara ya pili akasimama, na amesimama mpaka leo. Tulibadilisha mengine pia baada ya nyumba ile. Fomu ilianzia jikoni, kibao kikashushwa ili kipakwe rangi na hakikupandishwa tena, na Daktari Salim, popote alipokwenda, alinywa kahawa kwanza, akaomba baadaye. Siku moja huko Sur aliinywa kwa familia ya Kiarabu halisi, wakaona haja yake lazima ni ndogo, wakamjibu watafikiri. Ndiyo kazi yenyewe.

Ikabaki haja ya Bi Zuwena.

Nilidhani ni nyepesi. Nassor ana kazi, anaswali, anamtazama mama yake, viyoyozi vya nusu ya Ibra vinapoza kwa mikono yake. Na njia rahisi ya kumwoza ninaijua, wanaitumia watu wote: unamposea mbali, unasema alikuwa Dubai. Nilimweleza Nassor njia hiyo, kama mshenga anavyopaswa. Akasema, "Hapana, Bi Zayana. Siku ya kwanza atakapopoteza kijiko ataanza kunitazama. Aambiwe kabla." Basi nikawa nawaambia watu kabla.

Wa kwanza walikuwa jirani, watu wa Unguja kama sisi. Mama wa binti alimsifu Nassor mpaka chai ikaisha. Alimsifu heshima, alimsifu unyenyekevu, alimsifu pia kwa kupona, kisha akasema binti yake bado mdogo. Binti alikuwa na miaka thelathini na mbili, na alikuwa akitupikia vitumbua chumba cha pili.

Wa pili walikuwa Sur, familia iliyotoka Bujumbura. Baba yao alikuwa mtu wa kisasa. "Sista, kwetu sisi hiyo si problemu," akaniambia. "Tutafanya miting ya familia, tutakupigia." Miting hiyo, nadhani, inaendelea.

Wa tatu ni Hilal. Hilal ni mdogo wangu, anayenifuata. Nilimfua nguo, nilimbeba akiumwa surua, nilikaa naye akisoma kwa taa ya chemli. Leo ni mwalimu, na huwaalika watu wa kliniki yetu shuleni kwake kila mwaka waje waeleze kwamba mgonjwa aliyepona ni binadamu kamili. Anapiga makofi wa kwanza. Binti yake mkubwa, Asila, amemaliza chuo, na kwa kinywa chake aliniambia kwamba Nassor alipokuja kutengeneza kiyoyozi chao aliona mtu anayezungumza kama mtu. Nikaenda kwa Hilal.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimfunza hivyo.

"Dada," akasema, "wewe unamjua Nassor kuliko sote."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Mara ya kwanza alirudia, si kweli?"

"Kweli."

"Unaweza kuniahidi kwamba hatorudia tena?"

Kazi yote ile, miaka yote ile, tumewafunza familia kwamba ahadi hiyo haipo, na anayeitoa ni mwongo. Mliobaki mnawafunza hivyo mpaka leo, nami nilikuwapo tulipoanza.

"Siwezi," nikasema.

"Basi usinilaumu." Akanisindikiza mpaka getini, akanibusu mkono. Hakufanya kwa ubaya. Ni mtoto niliyemlea mimi, na nilimlea awe mwangalifu.

Asila bado hajaolewa. Nassor bado hajaoa, na nywele zimeanza kumtoka. Hajawahi kunikumbusha. Wala Bi Zuwena hanikumbushi; ananialika kahawa, ananiuliza wadogo zangu kwa majina, na akifika kwa Hilal anapunguza sauti kidogo, maana mji huu hauna jambo lisilomfikia Bi Tatu.

Wiki ijayo nakwenda Jalan Bani Bu Hassan. Kuna mjane huko, ana watoto wawili, ndugu yake naye alikuwa mgonjwa wetu. Nimeambiwa ni mtu wa kuuliza maswali mengi, na hiyo naichukua kuwa dalili njema, kwa kuwa waliotangulia, ukimtoa Hilal, hawakuuliza hata moja. Nitamweleza vijiko, Bidbid, na mara ya pili.

Jana nilimpitia Bi Zuwena kumwambia. Daktari wa macho amemwambia kwamba jicho la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Alinisikiliza huku akipapasa ukingo wa sinia.

"Mjane si vibaya," akasema. "Lakini fanya haraka kidogo, Zayana. Nataka nimwone, si nisimuliwe."